Froome Alitwaaje Tour de France ya 2017 Bila Kushinda Hatua Hata Moja?

SWALI: Msomaji wa Nakuru anauliza: "Rafiki yangu anadai Chris Froome, yule aliyezaliwa Nairobi, alichukua Tour de France ya 2017 bila kushinda hatua hata moja, na kwamba ule ulikuwa ushindi wa mezani. Nimepekua matokeo na kweli hakushinda hatua yoyote. Marcel Kittel alishinda tano. Sasa ni nani aliyeamua kwamba anayefika wa kwanza mara tano si bingwa? Na imekuwa hivyo tangu mwanzo?"

JIBU: Rafiki yako amesema kweli hapo mwanzo, kisha akaharibu mwishoni. Ni kweli Froome hakushinda hatua hata moja kati ya zote 21, yaani vile vipande vya siku moja moja vya mbio hizo za baiskeli za Ufaransa. Lakini mezani hakuna aliyeketi. Alimaliza kilomita 3,540 kwa saa 86, dakika 20 na sekunde 55, na katika dunia nzima hakuna mtu mwingine aliyemaliza njia ile kwa muda mfupi zaidi mwaka huo. Rigoberto Urán wa Kolombia alikuja nyuma yake kwa sekunde 54. Mikel Landa, aliyekuwa timu moja na Froome, alikosa nafasi ya tatu kwa sekunde 1.

Na Kittel? Huyo hayumo hata kwenye orodha ya waliofika Paris. Alianguka katika hatua ya 17, akaacha mashindano.

Tour de France anashinda mwenye jumla ndogo ya muda, hatua zote zikijumlishwa pamoja. Ushindi wa hatua una zawadi yake, picha yake na heshima yake, ila haumpi mtu taji. Tena kuna kanuni moja inayowachanganya watazamaji wengi: kundi kuu likivuka mstari pamoja, wote huandikiwa muda uleule, awe wa kwanza au wa themanini. Mwaka huo Kittel alimshinda Edvald Boasson Hagen kule Nuits-Saint-Georges kwa milimita 6, ikabidi picha ya mstarini ikuzwe ndipo mshindi ajulikane. Alichochuma kwenye jumla ya muda ni ile bonasi ya sekunde 10 ya mshindi wa hatua. Ushindi mara tano, sekunde 50. Mtu wa mwili wake, aliyejengwa kwa kasi ya mita mia mbili za mwisho, akifika milimani hupoteza dakika nyingi kwa alasiri moja. Sekunde 50 zinayeyuka kabla hajafika nusu ya mlima wa kwanza.

Froome alizikusanya zake kimyakimya. Katika mbio za saa, zile ambazo kila mtu hukimbia peke yake akipimwa na saa tu, alimzidi Urán kule Düsseldorf siku ya kwanza, akamzidi tena Marseille siku moja kabla ya mwisho. Milimani alihakikisha tu hakuna anayemkimbia mbali. Kule Peyragudes alishindwa, Fabio Aru akamvua jezi ya njano, ile ya anayeongoza kwa jumla ya muda, na siku mbili baadaye Froome akaichukua tena kule Rodez. Mbio za namna hiyo hazisisimui, nakubali. Mimi mwenyewe sihesabu Tour ya 2017 miongoni mwa zilizonipa raha.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo lenye utamu. Haikuwa hivyo wakati wote. Tour ilianza kwa kuhesabu muda, ikaacha, ikarudi, na kila badiliko lina watu walioumia.

Mwanzo wake ni ugomvi wa magazeti. Ufaransa ya mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa imegawanyika kwa kesi ya Alfred Dreyfus, kapteni Myahudi aliyefungwa kwa kusingiziwa kuwauzia Wajerumani siri za jeshi. Gazeti kubwa la michezo, Le Vélo, lililochapishwa kwa karatasi za kijani, lilikuwa na mhariri aliyemtetea Dreyfus, Pierre Giffard. Baadhi ya matajiri waliolilipa kwa matangazo walikuwa upande wa pili, akiwemo Comte de Dion, mtengenezaji wa magari. Wakajitoa, wakaanzisha gazeti lao mwaka 1900 na kumkabidhi Henri Desgrange, aliyewahi kuweka rekodi za baiskeli. Karatasi yao ilikuwa ya njano. Baada ya mahakama kuwakataza kutumia jina linalofanana na la mshindani wao, gazeti likabaki na jina L'Auto, na mauzo yakawa duni.

Mwandishi kijana, Géo Lefèvre, ndiye aliyetoa wazo wakati wa chakula cha mchana Novemba 1902: mbio za kuizunguka Ufaransa nzima, zigawanywe vipande vya siku kadhaa. Kwa nini vipande? Mbio za siku moja zinauza gazeti siku moja. Mbio za majuma matatu zinauza gazeti majuma matatu, na kila asubuhi msomaji anataka kujua nani anaongoza na kwa dakika ngapi. Ule msimamo wa jumla unaoulalamikia ulibuniwa kwanza ili kesho yake ununue gazeti tena.

Tarehe 1 Julai 1903, saa 9 na dakika 16 alasiri, watu 60 waliondoka mbele ya mkahawa mmoja kule Montgeron, nje ya Paris. Hatua zilikuwa sita tu, lakini hatua ya kwanza peke yake, kwenda Lyon, ilikuwa kilomita 467. Walipanda baiskeli usiku kucha kwenye barabara za vumbi, kwa gia moja. Waliofika mwisho walikuwa 21. Maurice Garin, aliyewahi kufanya kazi ya kufagia mabomba ya moshi, alishinda hatua tatu na kumwacha wa pili kwa karibu saa 3.

Angalia lakini kilichotokea kwa Hippolyte Aucouturier mwaka huohuo. Siku ya kwanza tumbo lilimkamata, akaacha njiani. Kanuni za wakati ule zilimruhusu aliyeacha aendelee na hatua zinazofuata kuwania zawadi za hatua, ila si taji. Akarudi, akashinda hatua ya pili na ya tatu. Yaani kisa cha Kittel kilikuwapo tangu Tour ya kwanza kabisa. Tangu siku ile kushinda hatua kulikuwa jambo moja, na kushinda Tour jambo jingine.

Gazeti likapaa, na Tour nusura ifie hapohapo. Mwaka 1904 mashabiki waliwavamia waendeshaji usiku, kule karibu na Saint-Étienne Garin akashambuliwa na watu waliotaka kijana wa kwao ashinde. Misumari ilimwagwa barabarani. Wengine walituhumiwa kupanda treni. Desemba chama cha baiskeli cha Ufaransa kikawafuta wanne wa kwanza wote, Garin akiwemo, na taji akapewa Henri Cornet aliyefika wa tano. Hajatimiza hata miaka 20 siku alipomaliza, na mpaka leo ndiye mshindi kijana kuliko wote.

Desgrange alitangaza kwamba Tour imekwisha, kisha akabadili mawazo na kubadili kanuni. Kuanzia 1905 hadi 1912 mshindi hakupatikana kwa muda bali kwa pointi za nafasi: kimsingi, wa kwanza pointi 1, wa pili pointi 2, na kuendelea, na mwenye pointi chache ndiye bingwa. Hatua zikafupishwa ili usiku upungue. Mantiki yake ilieleweka. Kama mtu amemwaga misumari ukapoteza saa nzima, chini ya muda umekwisha. Chini ya pointi umepoteza nafasi chache, kesho unafidia. Tena ni rahisi kwa mwamuzi kuona nani amefika kabla ya nani kuliko kubishana juu ya saa.

Hapo ndipo wewe na rafiki yako mngefurahi. Ni mfumo uleule mnaoutaka: fika mbele mara nyingi, chukua taji. Mwaka 1909 François Faber, jitu la Luxembourg, alishinda hatua tano mfululizo na Tour yenyewe. Mwaka uliofuata Octave Lapize alimpiku Faber kwa pointi 4 katika Tour iliyoingia milima mirefu ya Pyrenees kwa mara ya kwanza. Ni Lapize huyohuyo aliyewaita waandaaji wauaji alipokuwa akipanda Aubisque.

Ila pointi zina ugonjwa wake. Ukimshinda mwenzako kwa urefu wa gurudumu au kwa saa nzima, faida ni ileile. Kwa hiyo kwa nini ujiue mlimani? Kaa na wenzako, subiri mita za mwisho, chukua nafasi yako. Waliojaribu kutoroka peke yao mapema walikuwa wanatoa jasho la bure.

Mwaka 1912 ugonjwa huo ukaonekana na kila mtu. Mfaransa Eugène Christophe alishinda hatua tatu mfululizo, mojawapo akitoroka peke yake milimani. Mbelgiji Odile Defraye alifika mbele kila siku, akisaidiwa na Wabelgiji wenzake hata wale wa timu pinzani, na akatwaa taji kwa pointi kwa mbali sana. Lakini ukijumlisha saa, hadi asubuhi ya hatua ya mwisho Christophe ndiye aliyekuwa ametumia muda mfupi kuliko wote. Mwaka uliofuata Desgrange akarudisha muda.

Naomba unisamehe nikikaa kidogo kwa Christophe, maana sijui mwanamichezo aliyeonewa na kanuni kuliko yeye. Mwaka 1913, muda umerudi, naye yuko katika nafasi ya kuchukua Tour. Anashuka mlima Tourmalet, na uma wa mbele wa baiskeli, ule unaoshika gurudumu, unavunjika. Kanuni zilikataza kubadilisha baiskeli, zikakataza kusaidiwa na yeyote. Akaibeba begani, akashuka mlima kwa miguu zaidi ya kilomita 10 mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi. Mhunzi aliruhusiwa kumwelekeza kwa mdomo tu. Christophe akaufua uma mwenyewe, waamuzi wakiwa wamesimama mlangoni wanamtazama. Mikono yake miwili ikiwa na kazi, mtoto mmoja akamvutia mivukuto ya moto. Waamuzi wakamwadhibu: dakika 10 kwa msaada wa mtoto, baadaye zikapunguzwa kuwa 3. Kwa vyovyote alishapoteza karibu saa 4. Chini ya pointi angepoteza siku moja tu. Chini ya muda alipoteza Tour. Mfumo uliorudishwa baada ya kisa chake ndio uliommaliza.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza akarudi. Tarehe 19 Julai 1919, kule Grenoble, Desgrange akamvisha jezi ya njano, ya kwanza kuvaliwa katika historia, ili watu wa barabarani wamtambue anayeongoza kwa muda. Rangi, wengi wanasema, ni ile ya karatasi za L'Auto, na Christophe alilalamika kwamba watu wanamtania kwa kumwita ndege wa njano wa kufugwa. Zikiwa zimebaki hatua mbili, kwenye barabara za mawe za kaskazini, uma ukavunjika tena. Firmin Lambot wa Ubelgiji akachukua jezi na taji. Wafaransa walimchangia Christophe kupitia gazeti zaidi ya faranga 13,000, zaidi hata ya zawadi ya mshindi. Mwaka 1922, akiwa na miaka 37, aliongoza tena kwa siku chache, na baadaye akishuka Galibier uma ukavunjika mara ya tatu. Hakushinda Tour maishani mwake.

Na nani aliyeshinda mwaka huo wa 1922? Lambot yuleyule, na hapa ndipo tunaporudi kwenye hoja ya rafiki yako. Hector Heusghem alikuwa anaongoza, akabadilisha baiskeli kinyume cha kanuni, akatozwa saa nzima. Lambot akawa bingwa bila kushinda hatua hata moja. Ndiye wa kwanza. Yaani alichofanya Froome kilikuwa kimeshafanyika miaka 95 kabla yake.

Baada ya hapo kikafanyika tena na tena. Roger Walkowiak, 1956, aliingia kwenye kundi la watu 31 waliotoroka kwenda Angers na kupata zaidi ya dakika 18, akaichukua jezi, akaipoteza, akairudisha milimani, akamaliza wa kwanza kwa dakika 1 na sekunde 25. Wafaransa walimdharau maisha yake yote kana kwamba ameokota taji barabarani, na hilo huwa linaniudhi. Gastone Nencini, 1960. Lucien Aimar, 1966. Greg LeMond, 1990, na huyo hakuna anayethubutu kumwita mwoga, maana mwaka mmoja kabla alianza mbio za saa za siku ya mwisho akiwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50, akashinda hatua ile na Tour kwa sekunde 8, tofauti ndogo kuliko zote hadi leo. Baada ya Froome akafuata Egan Bernal, 2019. Alikuwa mbele juu ya mlima Iseran pale dhoruba ya mawe ya barafu na maporomoko ya udongo yalipofunga njia upande wa pili. Waamuzi wakasimamisha mbio, wakachukua muda wa kileleni, na hatua ile haikupewa mshindi.

Pointi hazikutupwa moja kwa moja. Mwaka 1953, Tour ilipotimiza miaka 50, ilianzishwa jezi ya kijani kwa mshindi wa hesabu ya pointi za kufika mbele. Hiyo ndiyo nyumba ya watu wa aina ya Kittel, na ndiyo aliyoitwaa Biniam Girmay wa Eritrea mwaka 2024 baada ya kushinda hatua tatu, Mwafrika wa kwanza kuitwaa. Paris haikufika mwaka huo, maana Tour iliishia Nice kwa ajili ya Olimpiki. Kwa hiyo unachokidai kipo. Kina jezi yake, ila si ya njano.

Kama rafiki yako anatafuta ushindi wa mezani, mwambie atazame kwingine. Cornet wa 1904 alipewa taji miezi kadhaa baada ya mbio. Óscar Pereiro alitangazwa mshindi wa 2006 baada ya Floyd Landis kukutwa na dawa zilizokatazwa michezoni, na Pereiro naye hakuwa ameshinda hatua. Mataji saba ya Lance Armstrong, 1999 hadi 2005, yalifutwa mwaka 2012 na hayakupewa mtu. Hata Froome ana siku yake ya waamuzi, ila si ya 2017. Tarehe 14 Julai 2016, akipanda Mont Ventoux, watu walijaa barabarani mpaka pikipiki ikasimama ghafla mbele yao, Richie Porte na Bauke Mollema wakaigonga pamoja naye, baiskeli yake ikaharibika. Akaanza kukimbia mlima kwa miguu, viatu vya baiskeli vikigonga lami. Waamuzi walimpa muda wa Mollema, aliyeinuka na kuendelea. Mtu akitaka kubishana juu ya siku hiyo namsikiliza, ingawa Tour ile aliishinda kwa zaidi ya dakika 4, kwa hiyo jedwali la mwisho lisingegeuka.

Utaratibu huuhuu wa jumla ya muda ndio unaotumika Tour du Rwanda, kwa hiyo Februari ukitazama wanavyopanda barabara za Musanze na Kigali, usimfuate anayeinua mikono peke yake. Mashindano ya dunia yaliyofanyika Kigali Septemba 2025 yalikuwa kitu kingine: siku moja, mstari mmoja, Tadej Pogačar akafika kwanza na jambo likaisha. Kwenye mbio za hatua, mshindi akishavuka mstari, iache saa ya kwenye skrini iendelee, uone mwenye jezi ya njano anafika baada ya sekunde ngapi, na wapinzani wake watatu au wanne wako wapi. Namba hizo ndizo zinazobaki usiku, wakati wa kupiga hesabu.